Zawadi ya Mwalimu Mwishoni mwa Mwaka: Kutoka Musanga mpaka Motivasyo



Kila mwaka, mwezi wa saba ukikaribia, swali moja linarudi katika nyumba zetu za Kindu, za Kasongo, za Kalima, na pengine popote mu Kongo: "Tutamupelekea mwalimu nini?" Mama anaangalia kuku wake wanaozunguka nyuma ya nyumba. Baba anahesabu franga na kunyamaza. Mtoto anasema: "Benzangu bote banapeleka." Na siku ya proklamasyo inakaribia.

Kwa kijitabu hiki cha desturi zetu nimeombwa niandike juu ya ile zawadi. Mtu anaweza kusema ni jambo dogo. Mimi nimeshika chaki tangu 1986, na babangu kabla yangu alikuwa moniteri wa misioni. Nimeona kuku ya shukrani, nimeona na kuku ya kununua pointi, na zote mbili zina manyoya sawasawa. Ukiziangalia kwa macho hutazijua. Ndiyo maana ni lazima kufuata historia yake: ilitoka wapi, ilipita wapi, na ni wapi ilipotea njia.

1. Kabla ya ubao na chaki

Watu wengi wanafikiri ya kwamba kumpa mwalimu kitu ni jambo lililoletwa na wazungu pamoja na shule. Si kweli. Wazee wetu walikuwa na mafundisho yao, na mafundisho yale hayakuwa ya bure.

Tuchukue Walega, wa Pangi huku kwetu Maniema, na wa Shabunda na Mwenga katika Kivu ya Kusini. Shule yao kubwa ilikuwa Bwami. Mtu aliingia kwa daraja la chini, akapanda polepole, na wachache walifika kwenye kindi, ambalo ni daraja la juu kabisa. Huko alifundishwa mezali kwa mamia, na kila mezali ilikuwa na kitu chake cha kuonyesha: sanamu ndogo ya pembe ao ya mti, gamba la mnyama, unyoya. Aliyefundishwa alijifunza namna ya kuishi na watu: asiwe mgomvi, asiwe mchoyo, asimtamani mke wa mwenzake.

Sasa, hakuna aliyepanda daraja kwa mikono mitupu. Aliyetaka kupanda alikusanya musanga, zile nyuzi za vipande vya magamba ya konokono zilizokuwa feza ya Walega. Alikusanya na mbuzi, nyama, chumvi, mafuta. Hakukusanya peke yake: ndugu za baba, wajomba, wakwe, wote walimsaidia. Mke wake pia alikuwa na sehemu yake, kwani mwanaume hakufika mbali katika Bwami bila mke.

Tusidanganyane basi kwa kusema ya kwamba zamani watu walifundisha kwa upendo tu. Walilipwa, na walilipwa vizuri. Lakini angalieni mambo mawili. La kwanza, vitu vile vilitolewa mbele ya watu wote na kugawanywa mbele ya watu wote, kila mmoja kwa cheo chake. Hakuna aliyeenda usiku na mbuzi kwa mlango wa nyuma. La pili, mali peke yake haikutosha. Mtu mwenye mbuzi nyingi lakini mwenye tabia mbaya alikataliwa, kwani wakubwa wa Bwami walimwangalia kwanza mwenendo wake.

Shikeni hayo mawili. Tutayahitaji mbele.

2. Mwalimu wa chuo

Hata neno lenyewe "mwalimu" limefika kwetu na kitabu kingine. Ni neno la Kiarabu lililoingia Kiswahili huko pwani, likapanda na misafara mpaka mto Lualaba. Wakati Tippu Tip, jina lake la kweli Hamed bin Muhammed, alipokaa Kasongo, na wafanyabiashara wengine Nyangwe, mji haukuwa soko la pembe na la watumwa peke yake. Tusisahau ubaya ule, watu wetu waliumia sana. Lakini na wao walikuja vilevile lugha hii ninayoiandika, mpunga ambao leo ndio chakula chetu, na vyuo vya Qurani.

Chuoni watoto walikaa chini mbele ya mwalimu na kusoma kwa sauti. Mwalimu hakuwa na mshahara wa serikali yoyote. Aliishi kwa shamba lake na kwa kile wazazi walichomletea. Na mtoto alipomaliza msahafu ilikuwa sikukuu: nguo mpya, mchele unapikwa, ndugu wanaitwa, na mwalimu anapewa chake, kitambaa ao kanzu, mbuzi kwa wenye uwezo, kibaba cha mchele kwa maskini. Desturi hii iko pwani yote ya Waswahili, na Waislamu wa Kasongo waliishika hata baada ya askari wa Dhanis kuuteka mji mwaka 1893, hata baada ya Wabelgiji kuvitazama vyuo vile kwa jicho baya kwa miaka mingi.

Hapa tena, angalieni: zawadi ilikuja wakati mtoto alipomaliza, yaani kazi imekwisha na kila mtu amesikia yule mtoto akisoma. Hakuna mtu aliyeweza kununua kumaliza msahafu. Ama unasoma, ama husomi, na masikio ya mtaa mzima ndiyo yaliyokuwa mashahidi.

Wenye kujua asili ya maneno wanasema ya kwamba "zawadi" pia imetoka Kiarabu, katika jamaa ya maneno ya masurufu, chakula ambacho msafiri anapewa njiani. Mimi napenda sana maana ile. Mwaka wa shule umekwisha, mwalimu anaanza safari ya likizo, miezi miwili ya kukaa bila watoto. Unampa cha kumfikisha.

3. Moniteri wa misioni

Mwaka 1906 Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold II lilifanya mapatano na Vatikano: misioni za kikatoliki zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Mwaka 1908 Ubelgiji ukaichukua nchi, na mpango ule ukabaki. Kutoka miaka ya 1920 serikali ilianza kutoa msaada wa feza kwa shule za misioni zilizoitwa "za taifa", yaani kwanza zile za wakatoliki wa Kibelgiji. Waprotestanti walingoja mpaka 1948. Shule za serikali bila dini, kwa watoto weusi, zilifunguliwa hasa kuanzia 1954, wakati Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni.

Katika mpango huo wote, mtu aliyesimama mbele ya watoto kijijini alikuwa nani? Hakuwa padri, wala hakuwa sista. Alikuwa moniteri mweusi, mara nyingi katekista vilevile, aliyefundisha kusoma asubuhi na kusalisha jioni. Hapo mwanzo alilipwa kwa kitambaa, kwa chumvi, kwa franga chache. Basi kijiji kilimsaidia. Watoto walimtekea maji, walimpasulia kuni, walilima shamba lake.

Babangu alituhadisia mambo ya siku zile, na hakuyapamba. Alisema kulikuwa na moniteri waliopendwa, na watu walijenga nyumba yao bila kuombwa. Kulikuwa na wengine waliogeuza darasa kuwa kundi la wafanyakazi: "kazi ya mikono" iliandikwa kwenye ratiba kwa saa moja, lakini watoto walirudi shambani kwake jua likiwa limeinama. Mtoto aliyekataa alipata fimbo. Baba alisema: "Kuni ambazo mutoto analeta kwa woga, hazina moto."

Na mwisho wa mwaka? Baba alisema ya kwamba kwao misioni ndiyo iliyotoa zawadi, nayo iliwapa watoto: kitabu kwa wa kwanza, kitambaa kwa wa pili, sanamu ya mtakatifu kwa wa tatu. Wazazi walikuja kuangalia, na kwa kuwa hawakutaka kuonekana watu wasio na adabu, nao walileta kitu: kuku, mayai, mtungi wa mawese, samaki wa Lualaba waliokaushwa. Walimwekea moniteri miguuni mbele ya mapadri, wakapiga makofi, wakaenda. Kumbe ndivyo hizi desturi mbili zilivyokutana: ile ya wazee, ya kutoa mbele ya watu, na ile ya shule, ya kusoma majina kwa sauti. Proklamasyo yetu ya leo imezaliwa pale.

4. Wakati mwalimu alikuwa mtu

Baada ya uhuru wa 1960, na baada ya vita vya 1964 ambavyo Kindu inavikumbuka, kulikuwa na miaka michache ambayo mwalimu alikuwa mtu kweli. Mwaka 1967 feza mpya ilitoka, zaire, na zaire moja ilikuwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Mwalimu alinunua kinga, akanunua radio, akasomesha watoto wa dada yake. Kijana aliyeposa akiwa mwalimu hakukataliwa.

Wakati ule zawadi ya mwisho wa mwaka ilikuwa nyepesi, kwani haikubeba mzigo wa kumlisha mtu. Nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka. Siku ya proklamasyo tulivaa nguo zilizopigwa pasi ya makaa. Direkta alisimama chini ya mwembe na karatasi, akasoma: wa kwanza, kwa mia ngapi; wa pili, kwa mia ngapi; mpaka wa mwisho, na baadaye kimya, na ambao majina yao hayakusomwa walielewa. Walioshinda walimwagiwa unga kichwani. Mama zetu waliimba. Halafu, ndiyo, mtu mmoja mmoja alienda kwa mwalimu: kuku, papai, kikwembe kilichofika na treni kutoka Lubumbashi kwa yule mwenye mume wa kazi. Mwalimu alipokea kwa mikono miwili. Aliyekuja bila kitu alipokewa kwa mikono miwili vilevile.

Serikali ilizichukua shule zote mwaka 1974, ikazirudishia makanisa uongozi wake kwa mapatano ya 1977. Mabwana walibadilika. Kuku haikubadilika. Lakini feza ilikuwa imeanza kuoza chini chini, na miaka ya 1980, serikali ilipopunguza matumizi yake kufuatana na masharti ya wakopeshaji wa nje, mshahara wa mwalimu ulianza kuwa kitu cha kuchekwa. Mimi niliingia kazini mwaka 1986. Nilicheka na wenzangu.

5. Motivasyo

Halafu ikaja miaka ya 1990. Chama kimoja kilikwisha mwezi wa nne 1990, uporaji ukapita Kinshasa na miji mingine mwezi wa kenda 1991, na kutoka 1991 mpaka 1994 bei za vitu zilipanda kila mwaka kupita 1,000 kwa mia. Mshahara ulifika umechelewa, na ulipofika haukununua sabuni. Walimu wa nchi nzima waligoma, watoto walikaa nyumbani miezi na miezi.

Ndipo makanisa na kamati za wazazi waliposhauriana: kama serikali hailipi, wazazi walipe kidogo kidogo ili shule zifunguliwe. Pesa ile iliitwa prime de motivation, na watu wakaiita motivasyo. Sitaki kuilaani. Bila motivasyo shule nyingi za Kongo zingekufa, na kizazi kizima kisingejua kusoma. Wazazi wa nchi hii, wauza sombe, wauza makaa, wamebeba shule kichwani kwa miaka zaidi ya 25, na hakuna mtu aliyewajengea sanamu.

Lakini motivasyo iliharibu kitu kimoja, na hicho ndicho nataka kukisema. Ilichukua sura ya zawadi bila kuwa zawadi. Neno lenyewe ni la kumtia mtu moyo, kama vile unavyompa mtu kilauri cha maji akiwa amechoka. Kumbe ilikuwa deni. Asiyelipa alitolewa darasani. Nimewatoa watoto darasani, mimi mwenyewe, na orodha mkononi, kwa sababu direkta aliniamuru na kwa sababu nyumbani kwangu hakukuwa na unga. Mtoto aliyetolewa asubuhi kwa ajili ya motivasyo, utamwambia nini mama yake mwezi wa saba juu ya shukrani?

Na pale ambapo deni limevaa nguo ya zawadi, jambo la tatu linaingia bila kubisha: matabishi. Neno hili lina safari yake. Ni la Kireno, mata-bicho, "kuua mdudu", yaani kinywaji kidogo cha asubuhi. Lilipanda Kongo pamoja na biashara, wazungu wa koloni wakalitumia kwa kile kidogo wanachompa boyi ao mbeba mizigo juu ya malipo yake, na leo maana yake mnaijua ninyi nyote.

Nitasema wazi, kwa kuwa mtu anayefundisha wengine lazima aanze na yeye. Mwaka 1994, siku mbili kabla ya deliberasyo, mzazi mmoja alikuja kwangu usiku na kuku. Hakusema kitu. Aliuliza tu habari za watoto wangu, akaiacha ile kuku imefungwa miguu nyuma ya mlango. Mtoto wake alikuwa na 47 kwa mia. Nikaandika 50. Katika darasa lile lile kulikuwa mtoto mwingine mwenye 49, ambaye baba yake alikuwa amekufa na mama yake hakuja kwangu usiku. Huyo akarudia mwaka. Kuku ile tuliila, watoto wangu walifurahi. Lakini ile 49 ninaiona mpaka leo, na wino wake mwekundu.

Si kuku peke yake. Katika nchi yetu kuna walimu waliotaka kwa wasichana kitu ambacho hakibebwi katika kikapu. Watu wametia jambo lile jina la kuchekesha, lakini hakuna la kuchekesha. Ukifuata njia ile nyuma, utaona mwanzo wake ni huo huo: zawadi inayotangulia pointi, gizani, watu wawili tu.

6. Kikombe cha chumvi

Sasa niwahadisie zawadi kubwa kuliko zote nilizopata.

Kindu iliingia mikononi mwa RCD mwezi wa kumi 1998, na vita vikaendelea mpaka 2003. Treni ilisimama. Barabara zilifungwa. Mtu aliyetoka mjini kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Vitu vilifika kwa ndege ao kwa kinga, na chumvi ilipimwa kwa kijiko. Tulifundisha hivyo hivyo. Siku zilipolia risasi tuliwalaza watoto chini ya madawati, na jioni tuliwasindikiza kwa makundi mpaka kwao.

Mwisho wa mwaka wa shule wa 2002 tulisoma proklamasyo, watu wachache tu walikuja. Kulikuwa mtoto mmoja wa darasa langu aliyeanguka. Alikuwa ameanguka kweli, hapakuwa na la kufanya. Baada ya watu kutawanyika, mama yake alikuja mbele yangu, mbele ya wenzangu wote, na kikombe cha bati kilichofunikwa kwa jani. Ndani mlikuwa chumvi. Nikamwambia: "Mama, mutoto hakupita." Akajibu:

"Najua, mwalimu. Nimesikia majina. Lakini mwaka muzima nilikupatia mutoto asubui, na kila siku ukanirudishia ye mangaribi, muzima. Hii chumvi ni ya ile."

Sikuweza kusema kitu. Direkta akavua kofia.

Nimefikiri sana juu ya kikombe kile. Mama yule hakujua historia ninayowaandikia hapa, lakini alifanya kama Bwami, mbele ya watu. Alifanya kama wazazi wa chuo, baada ya kazi kwisha. Hakununua kitu, kwani hapakubaki kitu cha kununua. Ndiyo zawadi yenyewe. Vingine ni bei.

7. Leo iko namna gani?

Katiba ya 2006, katika sehemu yake ya 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na bila malipo katika shule za serikali. Neno lile lilikaa karatasini kwa miaka mingi. Mwezi wa kenda 2019 serikali ilitangaza kulitimiza, na watoto wakamiminika. Madarasa yalijaa mpaka wengine wakakaa chini. Ilikuwa furaha kweli kumwona mtoto wa miaka kumi anashika kalamu mara ya kwanza.

Lakini motivasyo ilipotolewa, mwalimu wa mjini aliyeishi kwayo alipoteza sehemu kubwa ya kipato chake, na wale wanaoitwa N.U., walimu wasioingizwa katika orodha ya mishahara, waliendelea kungoja. Basi hatari mpya ikatokea: pesa iliyofukuzwa kwa mlango inataka kurudi kwa dirisha ikiitwa "zawadi". Mwalimu anawaambia watoto: "Kila mtu alete zawadi, isiyopungua kiasi fulani." Hiyo haiko zawadi. Ni motivasyo iliyobadilisha nguo.

Kuna tena 30 Aprili, siku ya elimu katika nchi yetu, ambapo walimu wanaandamana na wanafunzi wanawaletea vitu. Ni siku nzuri, sitaki ifutwe. Lakini iko kabla ya mitihani ya mwisho, na mtoto asiye na kitu anaiogopa siku ile kuliko mtihani wenyewe. Nimewaona wanaobaki nyumbani na kusema wana malaria.

8. Basi tupeleke nini?

Mmeniuliza mawazo ya zawadi, nami nimewapeleka mbali. Turudi sasa nyumbani. Haya ndiyo mashauri yangu kwa wazazi, kufuatana na yale wazee walituonyesha.

Kwanza, 30 Aprili, toeni kama darasa zima. Kikapu kimoja, kila mtoto atie alichonacho, hata ndizi moja, na pasiwe na jina juu ya kitu. Kikapu kile kinaweza kuwa na mchele, mawese, sabuni, sukari, chumvi. Mwalimu hatajua nani ametia nini, na ndiyo uzuri wake.

Pili, zawadi ya mtu kwa mtu ingoje proklamasyo. Majina yakishasomwa, bultini zikishagawanywa, hapo toa unachotaka: kuku, kikwembe, shati, viatu kama mko wengi mmeungana, taa ya jua kwa mwalimu anayesahihisha usiku bila umeme, kitabu, kalamu nzuri. Toa mchana, toa mbele ya watu.

Tatu, kama huna mali, una mikono. Nyumba ya mwalimu inavuja? Wababa wanne na mafungu ya majani wanaimaliza kwa siku moja. Lakini wawe wakubwa, wasiwe watoto wakati wa masomo. Baba yangu alishasema neno lake juu ya kuni zile.

Nne, barua. Watu wanaidharau kwa sababu haina bei. Ninayo barua moja ya darasa la sita, ya 1989, yenye majina 38. Kuku zote nilizopewa zimekwisha. Barua iko.

Tano, mkumbukeni yule wa darasa la kwanza. Kila mtu anampelekea zawadi mwalimu wa darasa la sita, kwa sababu ndiye wa cheti. Lakini aliyemshika mtoto mkono mpaka akaandika "a" ni mwingine, na mara nyingi ni mama fulani aliyestaafu, anayekaa kimya nyumbani kwake. Mpelekeeni hata kilauri cha sukari. Mtaona machozi.

Na kwa ninyi walimu wenzangu, neno moja. Msitoe orodha. Msisome majina ya waliotoa, kwani hapo mnasoma vilevile majina ya wasiotoa. Kuku ikija kabla ya deliberasyo, irudisheni kwa heshima, mseme: "Aksanti, baba. Ilete kisha proklamasyo, kama ungali unataka." Wengi hawatarudi. Atakayerudi, huyo pokeeni kwa mikono miwili.

Madai yetu ya mshahara tuyapeleke kwa serikali, pale yanapopaswa kwenda, tusiyapeleke katika kikapu cha mama anayeuza sombe. Siku mwalimu wa Kongo atakapolipwa sawasawa na mwisho wa mwezi, zawadi itarudi kuwa nyepesi tena, kama zamani za utoto wangu. Na mama akiuliza, "Tutamupelekea mwalimu nini?", swali lile litakuwa la furaha tu.

Kikombe cha bati ninacho bado. Yule mtoto alirudia darasa, na mwaka uliofuata akapita.